Baba Hataki Kwenda Kumwona Vasco da Gama

Shangazi, shikamoo.

Nisaidie kabla sijagombana na wazazi wangu kwa safari ninayoigharamia mwenyewe.

Naishi Hamburg na mume wangu na mtoto wetu wa kiume wa miaka 9. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa hiyo wazee nawajua, ila wa kwangu wananishinda. Baada ya miezi ya kuhangaikia viza, baba na mama wamekuja kutukalia miezi miwili. Baba ana miaka 71, mzaliwa wa Kilwa Kivinje, amefundisha historia sekondari mpaka akastaafu. Ana sukari, anachoma sindano asubuhi na jioni. Mama ni mtu wa Tanga, ana miaka 66, goti lake la kulia limechoka kabisa, ila ukimuuliza anasema ni baridi tu.

Nilitaka niwafanyie jambo la kukumbuka. Nikakata tiketi tano za ndege za kwenda Lisbon katikati ya Mei. Tunafika Jumamosi saa saba mchana, tunaondoka Jumanne saa tatu usiku. Ni zile tiketi za bei ya chini, hela hairudi hata ukifa. Nimeshapanga na fleti, iko Alfama, mtaa wa kale wenye vichochoro, ghorofa ya nne. Picha zake Shangazi! Dirishani unauona mto.

Nikakaa wiki mbili natengeneza ratiba. Sehemu 27, kila moja na saa yake. Nimekuambatanishia. Jumamosi ni ngome ya São Jorge na tramu namba 28. Jumapili ni Sintra, Cascais na Cabo da Roca, ncha ya mwisho ya bara la Ulaya upande wa magharibi. Jumatatu ni Belém yote: nyumba ya watawa ya Jerónimos, Mnara wa Belém, makumbusho. Jumanne ni mabaki. Mume wangu alipoiona akauliza kama tunakwenda likizo au mafunzo ya mgambo.

Basi juzi tukiwa mezani nikawasomea. Nilipofika Jumatatu, nikasema, "Hapo tutaona kaburi la Vasco da Gama." Baba akaweka kijiko chini. Akasema, taratibu kabisa, "Mimi nimefundisha watoto wa watu miaka 31 kwamba huyo alikuja Kilwa na mizinga akamtoza sultani kodi. Leo nipande ndege nikamzuru kaburini, kama walii?"

Mjukuu wake akadakia, "Lakini babu, mwalimu amesema alikuwa mgunduzi." Hapo ndipo palipoharibika.

Sasa baba anasema sisi twende, yeye atabaki Hamburg. Abaki na nani? Jiko letu hajui kuliwasha. Mama anasema, "Mwacheni na Wareno wake, mimi nataka kupanda zile lifti." Mume wangu anasema tufute safari yote. Mimi nimeshalia bafuni mara mbili.

Nimlazimishe? Niifute Belém? Na chakula je, maana baba hali kitu kama hana uhakika nacho? Nakusikiliza.

Binti Mwalimu, Hamburg

*

Marahaba mwanangu. Futa machozi, tuanze na kalenda.

Jumatatu yako ya Belém haipo. Jerónimos hufungwa Jumatatu, Mnara wa Belém hufungwa Jumatatu, na majumba mengi ya makumbusho ya serikali vilevile. Ungewafikisha wazee pale saa tatu asubuhi mkakuta milango imefungwa, na baba yako angecheka mpaka Hamburg. Kwa hiyo ile ratiba ingekufa yenyewe hata angeikubali.

Sasa baba. Nimeyasoma maneno yake mara kadhaa na sioni mahali alipokataa kwenda Lisbon. Amekataa kuzuru. Ni mambo mawili tofauti, na ni mwalimu, amechagua neno lake. Umemwekea mbele safari ambayo yeye ni wa kupelekwa tu, asimame anapoambiwa, apigwe picha, na kwenye ratiba hiyo jina pekee analolijua ni la mtu aliyeiumiza Kilwa. Ningekuwa mimi ningeweka kijiko chini pia.

Kwenye sehemu zako 27, ile moja inayomhusu haimo. Labda kwa sababu haina foleni.

Vasco da Gama alipita pwani yetu mara ya kwanza mwaka 1498, akagusa Mombasa na Malindi. Safari ya pili, mwaka 1502, ndiyo anayoisema baba. Alitia nanga Kilwa na kundi la merikebu za vita, akamtisha Amiri Ibrahim mpaka akakubali kulipa mithqali 1,500 za dhahabu kila mwaka kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu ile ilikuwa ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, Kilwa ndiyo iliyoshika biashara yake. Mwaka 1503 ilifika Lisbon, na Mfalme Manuel wa Kwanza akaagiza ifuliwe chombo cha kanisani, kile ambacho Wakatoliki wanakiita monstransi, cha kuonyeshea Ekaristi. Kilimalizika mwaka 1506. Kazi hiyo inahesabiwa kuwa ya sonara Gil Vicente.

Chombo hicho kipo mpaka leo. Kimo Museu Nacional de Arte Antiga, jumba la sanaa za kale, kwenye barabara ya Janelas Verdes, katikati ya mji na Belém. Kwa Kireno wanakiita Custódia de Belém.

Nilikwenda kukiona peke yangu. Urefu wake unazidi kidogo sentimita 70, lakini ukikikaribia unaona ni kama jengo zima, nguzo na matao membamba kama miba ya samaki. Kwenye shina kuna vile vidude vya duara vya wanafalaki, nembo ya Manuel. Katikati wamepiga magoti mitume kumi na wawili, wadogo kama vidole, kila mmoja na uso wake, wamepakwa rangi za vioo. Mimi sikuwa nikiwatazama hao. Niliinama mpaka mlinzi akanisogelea, maana kitakoni pamezungukwa na maandishi, na nilikuwa natafuta neno moja. Nikalipata: QILVA. Kireno cha zamani, U wanaiandika V. Maandishi yanasema mfalme Manuel aliamuru chombo kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, kikakamilika mwaka 1506. Hawakuficha. Wameandika wenyewe, kwenye dhahabu yenyewe.

Mwaka 1505, chombo kikiwa bado kwa sonara, Wareno walirudi Kilwa na Francisco de Almeida, wakaupora mji na kujenga ngome. Miaka saba baadaye wakaiacha. Hayo baba anayajua kuliko mimi, usimweleze. Na usimwambie, "Baba, nimekutafutia kitu utakachopenda," maana atajua unambembeleza. Mwambie hivi: "Baba, kuna dhahabu ya Kilwa Lisbon, imeandikwa jina. Mjukuu wako ameambiwa shuleni kuhusu wagunduzi. Naomba ukamweleze imefikaje kule." Halafu nyamaza, kaoshe vyombo. Mwalimu hawezi kukaa Hamburg na kiporo cha somo.

Hilo ni la Jumapili asubuhi, siyo Jumatatu. Milango hufunguliwa saa nne, nendeni mwanzo mwanzo. Kabla hujawaahidi, fungua tovuti ya jumba hilo na ya majengo ya Belém usome tangazo la siku hizo, kwa sababu majengo haya makongwe hufungwa kwa ukarabati, wakati mwingine kwa miezi mingi. Kama jumba ni wazi, kuna bustani nyuma yenye mgahawa, inautazama mto. Mama na goti lake watakaa hapo, ninyi mzunguke.

Na Jumapili ni hilo tu. Sintra ifute. Nasema ifute, siyo uipunguze. Ni treni ya dakika kama 40 kutoka stesheni ya Rossio, halafu basi la kupanda mlima, halafu kasri la Pena lenye tiketi ya saa maalumu, ukichelewa basi tena. Kwa vijana wenye siku saba, sawa. Kwa mama yako ni adhabu. Cabo da Roca ni mwamba, upepo na mnara wa taa. Mtu wa Tanga hujampeleka Ulaya kutazama upepo wa bahari.

Kuhusu fleti. Mwanangu, Alfama ni pazuri na jina lenyewe ni la Kiarabu, al-hamma, chemchemi za maji moto. Lakini ni ngazi. Siyo mtaa wenye ngazi, mtaa wenyewe ndio ngazi. Teksi itawashusha chini, mburute masanduku juu ya mawe, halafu ghorofa nne bila lifti, mara mbili kwa siku, na goti la mama. Kama muda wa kubadilisha bila faini haujapita, badilisha leo usiku. Tafuta Baixa. Ni bondeni, tambarare, mitaa imenyooka kama daftari la hesabu, kwa sababu mji wa zamani uliokuwa hapo ulifutika asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755. Tetemeko la ardhi, likafuatiwa na mawimbi ya bahari, likafuatiwa na moto wa siku kadhaa. Ilikuwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wamejaa makanisani na mishumaa imewashwa. Waziri wa mfalme, huyo wanayemwita Marquês de Pombal, akaamuru mji ujengwe upya kwa kamba na rula. Muulize mwenye nyumba swali moja tu: lifti ipo? Usikubali jibu la "ngazi chache."

Jumamosi mnafika mchana. Msipande ngome. Mle, mlale, baba achome sindano yake kwa wakati. Jioni mtembee polepole mpaka Praça do Comércio, uwanja mkubwa unaofunguka mtoni, kisha Cais do Sodré mkapande kivuko cha kwenda Cacilhas. Ni kama dakika kumi, nauli ni ya watu wanaokwenda kazini. Ni Kigamboni tu, mwanangu, watu wamechoka, wana mifuko ya sokoni. Kutoka majini unauona mji wote umepandana juu ya vilima vyake, na daraja jekundu la mwaka 1966 upande wa magharibi. Picha zote ulizopanga kuzipiga kwa kupanda vilima mtazipiga mmekaa.

Jumatatu ndiyo siku ya mama. Anataka lifti, atapata lifti. Ile maarufu ni Santa Justa, ya chuma, ya mwaka 1902, na foleni yake inaweza kuwala saa nzima. Wenyeji hawapangi. Ingieni stesheni ya treni ya chini ya ardhi ya Baixa-Chiado upande wa bondeni, mpande ngazi za umeme moja baada ya nyingine, mtatokea Chiado juu ya kilima bila jasho. Kutoka hapo ni hatua chache mpaka kanisa la Carmo, ambalo lile tetemeko liliangusha paa lake na halikuezekwa tena. Unasimama ndani, matao ya mawe yako juu yako na mbingu katikati. Hapo ni wazi Jumatatu, Jumapili ndipo wanafunga. Mlango wa juu wa Santa Justa uko nyuma ya kanisa hilo, mama ataiona lifti yake na mandhari yake kutoka juu. Akitaka kuipanda, na kama siku hiyo inafanya kazi, apande.

Upande wa pili wa bonde kuna lifti nyingine ya bure ya manispaa, kwenye barabara ya Fanqueiros, inatokea barabara ya Madalena. Vuka uwanja mdogo, unapata nyingine ndani ya jengo lililokuwa soko, inakufikisha karibu na ngome. Zile za reli zinazopanda mlimani msizitegemee. Moja ilipata ajali mbaya Septemba 2025, watu 16 wakafa, na nyingine zikasimamishwa.

Ngome ya São Jorge itazameni kama miguu inaruhusu. Lakini kuanzia hapo mtelemke, msipande. Hiyo ndiyo siri ya Lisbon kwa wenye magoti: panda kwa mashine, shuka kwa miguu, na shuka polepole, maana vile vijiwe vyeupe na vyeusi vya njiani vinateleza vibaya mvua ikinyesha. Mama avae raba. Zile sendo za kung'aa zibaki Hamburg.

Mkitelemka upande wa kaskazini mnaingia Mouraria. Wareno na wapiganaji wa msalaba walipouteka mji mwaka 1147, Waislamu waliobaki waliwekwa huko nje ya ukuta. Mwaka 1496 ikatoka amri ya kuwafukuza nchini, wao na Wayahudi. Amri ya nani? Ya Manuel yuleyule wa monstransi. Leo barabara ya Benformoso imejaa maduka ya Wabangladeshi, nyama halali, wali na mchuzi, na watu wanaotoka msikitini. Chakula cha Jumatatu mchana kiko hapo. Baba atakula bila kuuliza maswali.

Kwingineko kula samaki. Mpeni baba pweza, wanaita polvo à lagareiro, wa kuchoma na viazi na mafuta mengi ya zeituni, akisema si kama wa Kilwa mwambie kweli. Supu ya kijani, caldo verde, inaonekana ya mboga tupu lakini hutiwa kipande cha soseji ya nguruwe, muulize mhudumu kabla. Neno la kulikimbia ni porco, na lingine ni banha, mafuta ya nguruwe, ambayo huingia hata kwenye vitamu vingine. Mkikaa tu mezani mtaletewa mkate, zeituni na jibini bila kuagiza. Si zawadi. Mkila mnalipia, msipogusa hamlipi, na kuvirudisha si ukosefu wa adabu.

Kwa sukari ya baba, elewa kwamba jikoni mahali pengi hufungwa alasiri, na cha usiku huanza saa moja au moja na nusu. Jua la Mei nalo linachelewa, saa mbili na nusu usiku bado kuna mwanga, kwa hiyo msitegemee giza liwakumbushe sindano na kula. Beba kitu kwenye mkoba.

Tramu namba 28 usiipe nusu siku. Ni nzuri, mbao na kengele, lakini mchana watu wanabanana kama daladala ya Mbagala na vibaka wanajua wanachofanya. Kama mtoto analia kuipanda, mpandeni asubuhi kabla ya saa tatu, na muanzie kituo cha Campo de Ourique, siyo Martim Moniz ambako wote wanapanga foleni. Pochi ya baba mfuko wa mbele. Kadi ya nauli kila mtu awe na yake, moja haitumiki na watu wawili, na ile ya saa 24 ndiyo inayofaa kwenu.

Sasa Jumanne. Masanduku myaache wanakotunza mizigo, mpande tramu 15 mpaka Belém.

Usilifute kaburi, na usimwingize mtu. Lilivyo ni rahisi. Kanisa la Jerónimos lina mlango wake mbali na ua wa ndani wenye tiketi, na makaburi yako palepale ukiingia, chini ya roshani. Kushoto ni Vasco da Gama, kulia ni mshairi Camões. Da Gama alifia Kochi, India, mwaka 1524, mifupa ikaletwa Ureno baadaye, na hapo Jerónimos ilihamishiwa mwaka 1880. Mtoto na mama watatazama dakika kumi watatoka. Mbele ya jengo kuna bustani kubwa yenye chemchemi na mabenchi. Baba akae hapo, na asiulizwe, "Una uhakika, baba?" Hasa wewe, nakujua kwa barua moja tu, usimuulize.

Ila kuna mchezo nataka ucheze naye kuanzia Jumamosi, yeye na mjukuu. Mpe mtoto daftari. Kila neno la Kireno linalofanana na letu aandike. Mgahawani ataona mesa, ni meza. Kopo ni copo. Dukani kwenye pesa pameandikwa caixa, ndilo kasha letu. Bandeira inapepea kila mahali. Parafujo, foronya, leso, roda, nanasi, yote yalishuka kwenye merikebu zilezile zilizoshusha mizinga. Halafu siku ya Jumanne, akiwa kwenye benchi lake, babu atamwambia mjukuu asome kibao cha mlangoni. Igreja. Kanisa. Huyo mzee amezaliwa si mbali na Kilwa Kisiwani, ambako ile ngome ya pwani watu wanaiita Gereza mpaka kesho. Sisi kanisa la Mreno tuligeuza jina tukalipa jela. Niache nicheke kidogo, maana kila nikilikumbuka hilo nafurahi.

Huenda akainuka kwenda kutazama. Huenda asiinuke. Yote mawili ni sawa, na wewe kanunue vile vikeki vya mayai na maziwa, pastéis de Belém, vinauzwa duka lilelile tangu 1837. Foleni ya kubeba inakwenda haraka kuliko ya kukaa, na humo ndani kuna vyumba vingi vya kukaa kuliko unavyodhani. Kimoja cha baba, baada ya kupima. Mnara wa Belém mkautazame kwa nje, chini ya kibanda cha mlinzi upande wa magharibi pamechongwa kichwa cha kifaru, kwa kumbukumbu ya yule aliyeletwa Lisbon kutoka India mwaka 1515. Kimelika na hewa ya bahari, mtoto atabishana nanyi kwamba ni kiboko.

Uwanja wa ndege uko mjini mle mle, chukueni teksi, msihangaike na treni na masanduku.

Mumeo mwambie hajafuta kitu, wewe umefuta sehemu 20. Na mama mwambie lifti zipo tatu.

Miwani ya baba ya kusomea iwe kwenye mkoba wako, siyo kwenye sanduku. Yale maandishi ni madogo, yamezunguka kitako chote, na lile neno halipo mwanzoni.